Mwanga Pale Penye Kazi: Kuchagua Taa za Nyumba, Shinyanga Hadi Geita

Pita Katoro, au Nyasubi pale Kahama, saa 2 usiku uangalie nyumba za watu. Nje, juu ya geti, pana taa kali ya sola inayomchoma macho kila apitaye. Sebuleni pana balbu moja nyeupe katikati ya dari, na televisheni inaongea. Nyuma, jikoni, mama anakatakata vitunguu huku simu yake imeegemezwa kwenye kopo la chumvi ikimmulikia, kwa sababu fundi aliishia na waya koridoni. Fedha za taa zimetumika, tena si haba, lakini mwanga haukufika panapofanyika kazi.

Tatizo hilo haliondoki kwa kununua balbu yenye wati nyingi zaidi. Linaondoka ukianza na swali jingine: mahali hapa hasa, mtu anafanya nini usiku, na kivuli chake kinaangukia wapi? Anayesimama mezani huku taa iko nyuma ya kichwa chake anafanya kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe, hata balbu iwe kali kiasi gani. Isogeze taa ije mbele yake au ubavuni, na balbu ndogo itatosha.

Ukiwa dukani, usiishie kuuliza wati. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, na namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Balbu ya zamani ya wati 60 na balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana, kama lumeni 800. Kisha tafuta namba yenye herufi K. 2700 au 3000 ni mwanga wa njano unaofanana na ule wa balbu za zamani. 4000 ni mweupe wa kawaida. 6500 ni mweupe wenye ubuluu. Madukani kwetu balbu nyingi ni za 6500, na watu wamezoea kuamini kwamba weupe ndio ukali. Balbu mbili zenye lumeni sawa hutoa mwanga sawa, moja ikiwa ya njano na nyingine nyeupe. Namba nyingine ni Ra, inayoonyesha ni kwa kiasi gani rangi za vitu zitaonekana jinsi zilivyo. Iwe 80 au zaidi. Chini ya hapo nyama mbichi inaonekana imepauka na kitenge kinabadilika rangi.

Soma pia volti. Umeme wetu ni volti 230, lakini anayeishi mwisho wa laini, au jirani na karasha za mawe ya dhahabu zinazoendeshwa kwa umeme, au karibu na mashine za kuchomelea, anajua jinsi taa zinavyofifia mota zinapoanza kuzunguka na kuruka juu zinapozimwa. Balbu iliyoandikwa 220–240 haitadumu hapo. Tafuta iliyoandikiwa upana mkubwa zaidi, kwa mfano 165 hadi 265, hata kama bei yake imezidi kidogo. Nembo ya TBS iwepo, na muuzaji akubali kuiwasha mbele yako.

Sasa LUKU. Mteja mdogo wa majumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na uniti zinazozidi hapo hupanda hadi shilingi 350. Nyumba yenye balbu 4 za zamani za wati 60 zinazowaka kwa saa 5 kila usiku inakula uniti 36 kwa mwezi kwa taa peke yake, karibu nusu ya zile 75. Badilisha zote ziwe LED za wati 9, na hesabu inashuka hadi uniti 5 na nusu hivi. Hapo pasi na friji ndogo vinapata nafasi bila kukutoa kwenye bei ya chini. Kwa hiyo anayeogopa kuongeza taa jikoni kwa sababu ya gharama ya umeme atulie: LED ya wati 5 juu ya meza ya jikoni, ikiwaka kwa saa 3 kila usiku, haifikishi hata nusu uniti kwa mwezi.

Kabla ya kununua taa ya ziada, tazama kuta. Nyumba nyingi za kanda hii ni za tofali za kuchoma au za udongo, hazijapigwa lipu, na paa ni bati tupu lisilo na dari. Tofali jekundu humeza sehemu kubwa ya mwanga unaoliangukia, wakati ukuta mweupe hurudisha chumbani sehemu kubwa zaidi. Ndoo ya chokaa inaweza kukupa mwanga ambao balbu ya pili isingekupa. Urefu nao una deni lake: umbali kati ya balbu na meza ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika mezani unabaki robo. Balbu iliyofungwa juu kabisa kwenye kenchi inaangaza zaidi buibui na bati. Iteremshe kwa waya hadi iwe juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, uifunike kwa kofia nyeupe ya kuelekeza mwanga chini. Na kwa mchana, bati moja la plastiki linalopitisha mwanga juu ya stoo au koridoni huondoa haja ya kuwasha taa mpaka jua lizame.

Jikoni ndipo ningependa msomaji aanzie, na atumie fedha yake ya kwanza huko. Usukumani jiko mara nyingi ni kibanda cha pekee nyuma ya nyumba, chenye mlango mdogo na pengine kisicho na dirisha. Kuni ni adimu, kwa hiyo hupikwa kwa mabua ya pamba, mabua ya mahindi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi wake ni mzito. Ongeza koroboi juu ya jiwe. Vipimo vilivyochapishwa na wanasayansi mwaka 2012 vilionyesha kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua kwenye koroboi hugeuka kuwa masizi meusi, na mwanga wake ni lumeni kama 10 tu. Mama anainama juu ya chungu kuona kama mboga imeiva, uso wake uko ndani ya moshi, na anafanya hivyo kila jioni kwa miaka 40.

Kanda hii inajua matunda ya jambo hilo. Vikongwe wa Shinyanga, Mwanza na Geita wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na macho mekundu yakatajwa kuwa ndiyo alama. Macho yale yalikuwa ya moshi. Taa ya umeme au ya sola jikoni haimalizi moshi wa kinyesi na mabua, na nisimdanganye mtu. Tundu kubwa juu ya ukuta na jiko lenye bomba la kutolea moshi ndivyo vinavyoupunguza. Lakini taa nzuri inaiondoa koroboi, na inampa bibi uwezo wa kusimama hatua moja nyuma ya moto akaona ndani ya chungu bila kuinama.

Funga taa hiyo ukutani, ubavuni mwa mafiga upande wa mkono wa kushoto kwa anayetumia kulia, si moja kwa moja juu ya moto. Joto na mvuke vinaua LED mapema. Nyingine ndogo iwe juu ya meza au kichanja anapokatia mboga. Rangi ya 4000 inafaa, Ra 80 au zaidi, ili aone doa kwenye nyama na chenga kwenye mchele. Balbu iwe ndani ya kifuniko kinachofutika, na ifutwe kwa kitambaa kikavu kila wiki ikiwa imezimwa na imepoa. Masizi yakijenga tabaka utadhani balbu imechoka, kumbe imevishwa.

Mtoto anayesoma naye ana haki ya taa yake. Katika chumba cha mita 4 kwa 5, balbu moja ya lumeni 800 darini ikishagawanywa kwa sakafu nzima haiachi kwenye daftari hata sehemu ya tano ya mwanga unaopendekezwa kwa kusoma na kuandika, ambao ni lumeni 300 hadi 500 kwa kila mita ya mraba. Taa ya mezani ya wati 5, ikiwa nusu mita juu ya daftari, inafika kiwango hicho. Iwekwe upande wa pili wa mkono unaoandika, na balbu yenyewe isionekane na macho ya mtoto.

Kwa mtoto mwenye ualbino jambo hili lina uzito wa pekee, na Shinyanga ina sababu ya kulijua vizuri kuliko mikoa mingine: shule ya Buhangija, pale manispaa, ilipokea watoto wengi wenye ualbino waliokimbizwa huko wakati mashambulizi yalipokithiri Kanda ya Ziwa. Jicho lake halina rangi ya kutosha ya kuzuia mwanga, hivyo mwanga mwingi unaingia kuliko anavyouhitaji, na uoni wake ni hafifu hata akivaa miwani. Wazazi wengine, kwa upendo, humwekea taa kali zaidi mbele yake, na wanamwongezea mateso. Anachohitaji ni mwanga wa kutosha juu ya ukurasa na kidogo sana machoni. Taa itoke nyuma ya bega, iwe na kofia, na meza isiwe ya kung'aa. Kitambaa cha kahawia au kijani kilichofifia juu yake kinasaidia. Mpe ajaribu balbu ya 3000 na ya 4000, achague mwenyewe. Kama anasogeza kitabu karibu na pua, mwache, maana hiyo ndiyo njia yake ya kuona. Ongeza stendi ya kuinua kitabu ili asipinde mgongo.

Wazee nao wako upande huo huo. Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea kama theluthi moja ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa miaka 20, na mwenye mtoto wa jicho anaumizwa na balbu tupu inayomtazama. Babu anayesema haoni kusoma Biblia au Kurani usiku, pengine anahitaji taa ya bega kabla ya kuhitaji miwani mipya, ingawa hospitali aende.

Sebuleni hakuna kazi ya macho, kwa hiyo usihangaike. Balbu 2 za njano kwenye kuta mbili zinapendeza kuliko moja kali ya katikati, na moja kati ya hizo ikiwa nyuma ya televisheni macho hayachoki haraka. Zile taa za rangi zinazozungushwa ndani ya dari za jipsamu ni pambo. Weka ukipenda, kwenye swichi yake ya peke yake.

Chumbani mwanga uwe wa njano na uwe hafifu. Si suala la mapenzi tu. Mwanga wenye ubuluu huuambia ubongo kwamba bado ni mchana na kuchelewesha usingizi, na hapa kuna maelfu ya watu wanaofanya kazi kwa shifti kwenye migodi ya Geita na Bulyanhulu, pamoja na walinzi, wauguzi na vijana wa makarasha. Anayerudi alfajiri akakutana na balbu ya 6500 nyumbani, kisha akalala kwenye chumba chenye pazia jepesi, ataamka na kichwa kizito, na mtu aliyelala vibaya ni hatari kwenye mashine. Anunuliwe pazia zito, na swichi ya taa iwe karibu na kitanda ili asitembee gizani akimwamsha mtoto. Bafuni na chooni ni rahisi: taa moja yenye kifuniko kisichopitisha maji, iliyoandikwa IP44 au zaidi, na swichi ikae nje ya mlango.

Nyumba za kupanga zina shida ya namna yake. Wapangaji 6 au 8 wanachangia LUKU moja, na taa ya koridoni na ya choo cha uani inakuwa mali ya wote, ikimaanisha kwamba ikiungua hakuna wa kuibadilisha. Matokeo yake ni mama mjamzito anayetoka saa 8 usiku gizani. Mwenye nyumba, hili ni jukumu lako. Balbu ya LED ya wati 3 ikiwaka usiku mzima, kwa saa 11, inatumia uniti 1 tu kwa mwezi. Ukiweka yenye kihisi cha mtu kupita, itatumia pungufu ya hapo.

Nje ndiko fedha nyingi zinakopotea. Taa za sola za ukutani zinazouzwa minadani huandikwa 200W, 300W, hata zaidi. Hesabu mwenyewe. Paneli yenye ukubwa wa daftari hutoa wati 5 au 6 jua likiwa kali, na jua la Shinyanga ni sawa na saa 5 hivi za jua kamili kwa siku. Mavuno yake ya siku hayazidi uniti 0.03. Ukiyagawa kwa saa 11 za usiku, hupati hata wati 3. Taa iliyoandikwa 300W yenye paneli hiyo haina pa kuzitoa. Pima paneli kwa macho, kisha angalia betri: zidisha volti kwa uwezo wake. Betri ya volti 3.2 yenye mAh 6,000 inabeba wati-saa 19, basi. Kwa anayetegemea sola nyumba nzima, LED 4 za wati 5 kwa saa 4 zinahitaji wati-saa 80. Paneli ya wati 30 hadi 40 na betri ya risasi ya volti 12 yenye Ah 20 zinazibeba bila kuimaliza betri zaidi ya nusu. Kiangazi, vumbi la barabara na la makarasha likitanda juu ya paneli, ipanguse asubuhi kwa maji na kitambaa laini kabla haijapata moto.

Taa ya ulinzi ielekee chini, ifungwe mita 3 hadi 4 juu, imulike mlango, geti na njia ya chooni. Ikimulika usoni mwa watu, mlinzi wako ndiye anayepofuka, na mwizi anasimama salama kwenye giza la nyuma yake. Mwanga wa njano hapo unafaa pia kwa sababu ya wadudu. Wavuvi wa dagaa wa Nkome wanawasha taa ziwani usiku kwa kuwa wanajua mwanga unaita viumbe. Taa nyeupe mlangoni inaita kumbikumbi mvua za kwanza zikinyesha, na wadudu wengine mwaka mzima. Balbu ya 2700 inawaita wachache zaidi. Isogeze mita chache mbali na mlango, iumulike kutoka pembeni.

Nimalizie ununuzi kwa onyo kuhusu tyubu na zile balbu za kujipinda za kuokoa umeme. Zina zebaki, miligramu chache, lakini ni ileile zebaki ambayo wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu na ambayo mvuke wake unaharibu figo na neva. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Nchi wanachama zilikubaliana kusitisha utengenezaji, uagizaji na uuzaji nje wa balbu za kujipinda za kawaida ifikapo 2025, na tyubu ifikapo mwisho wa 2027. Usinunue mpya, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Ikipasuka nyumbani, toa watoto nje, fungua madirisha na mlango kwa robo saa, usifagie kwa ufagio. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lake ligandishe kwa utepe wa gundi au kitambaa chenye maji, fungia vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Wala usiwape watoto tyubu zilizoungua wachezee.

Fundi awe na leseni ya EWURA, atumie waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, na aweke kifaa cha kukata umeme unapovuja. Kwa nyumba ndogo ya kijijini, kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kinaondoa gharama ya kutandaza nyaya nyumba nzima. Waombe wanaokifunga wakiweke ukuta unaopakana na jiko badala ya sebuleni. Na kabla fundi hajatoboa ukuta wowote, fanyeni jaribio usiku. Fundi aunganishe balbu kwenye waya mrefu aishike kwa fimbo kavu, mama akae anapokatia mboga, mtoto akae na daftari lake, bibi akae penye kigoda chake. Sogezeni taa huku na huko mpaka kila mmoja aseme anaona na hachomwi macho, mweke alama ya chaki hapo, na asubuhi fundi afunge palepale penye alama.